Nitarudi Nikumalizie

Jumatatu ile Chiriku alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni kama kawaida yake, akaingia jikoni alikokuwa mama yake, akamvuta gauni na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, yule bibi aliyekuja kunichukua shuleni ni nani?"

Mama akacheka. Mtoto yule hakupewa jina la Chiriku bure. Tangu anafumbua macho mdomo haupumziki, na mzaha anao wa kugawia jirani. "Ni bibi yako, nani tena? Aliyemzaa baba yako. Hebu nenda kaoge."

Chiriku hakucheka. Alichungulia sebuleni, ambako bibi alikuwa amekaa akijisugua magoti, akamtazama kama mtu anavyomtazama abiria mwenzake. "Analijua jina langu," akasema. Halafu akaenda kuoga.

Mama alibaki na mwiko mkononi. Hakuwa ameogopa bado. Kilichomsumbua ni harufu aliyoisikia mtoto alipopita: harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, moto wa kambi uliozimwa. Akajiambia ni mambo ya safari ya wikiendi. Lakini nguo za safari zilikuwa zimekwisha kufuliwa, na sare ya shule haikwenda hifadhini.

Safari ilikuwa wazo la baba. Yeye ni fundi wa mafriji, mtu wa kushinda ameinamia mashine za watu kwenye majiko yasiyo na dirisha, na kwa muda mrefu wimbo wake ulikuwa mmoja: hifadhi, hifadhi, hifadhi. Huko kuna ziwa, kuna boti za kukodi, kuna vibanda vya mbao vyenye baraza, kuna njia za kutembea zilizopakwa alama za njano kwenye miti ili mtu wa mjini asipotee akawasumbua askari. "Wikiendi moja tu, Mama Chiriku, tukapumue." Watu wa mjini bwana! Wakisikia hewa safi, akili wanaifungia nyumbani na ufunguo wanauacha kwa jirani.

Mama ni msusi. Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba yao: kiti kimoja cha kuzunguka, kioo, benchi la wanaosubiri. Na kama wasusi wote, huwa ana vichwa viwili au vitatu kwa mpigo. Anamwanza huyu, anamsuka nusu, anamwambia nenda sokoni, ukirudi nitakumalizia, anamshika yule. Nani atamlaumu? Mteja ukishamsuka nusu kichwa ni wako. Hawezi kwenda kwa msusi mwingine na kichwa cha namna ile, atachekwa njia nzima. Ndivyo kazi inavyokwenda, na hakuna msusi asiyesema maneno hayo kila siku bila hata kuyasikia.

Hifadhini walikuwa na Jumamosi njema. Tuseme haki, ilikuwa njema. Baba alipiga makasia mpaka akapata malengelenge, Chiriku akawahutubia bata wa ziwani, mama akalala mchana kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Jumapili asubuhi akapata nafasi aliyokuwa akiikosa nyumbani. Kinyozi hajinyoi, na mtoto wa msusi ndiye anayetembea na kichwa timtim. Alimkalisha Chiriku kwenye meza ya mbao ya wageni, pale karibu na kijito, akamfumua, akamchana, akamsuka mistari safi ya kwenda nyuma. Nywele zilizotoka kwenye kitana akazikusanya, akaziviringisha kama pamba, akazitia kwenye mfuko wake wa rasta, zile nywele za kuongezea msuko. Hilo alifunzwa na mama yake mzazi: nywele za mtu hazitupwi ovyo. Unazichoma kwako au unazifukia kwako. Alikusudia kuzichoma akifika nyumbani.

Baba akamchukua mtoto wakaage ziwa. Mama akabaki peke yake mezani akipanga vitana vyake.

Mwanamke alitokea upande wa kijito. Gauni la kawaida, miguu mitupu, nywele zimemwagika mpaka kiunoni. Mama alidhani ni mgeni wa kwenye mahema ya ng'ambo.

"Dada, una mkono mwepesi," mwanamke akasema. "Nimekuona ukimsuka yule mtoto. Nishike na mimi kichwa."

Siku ya mapumziko, mtu mwenye akili angesema leo sifanyi kazi. Lakini msusi akisifiwa mkono amekwisha. "Kaa basi," mama akasema, "ila rasta sina nyingi."

"Zitatosha."

Mwanamke akakaa, akampa kisogo. Mama akapasua njia ya kwanza kwa mkia wa kitana, na hakuona ngozi. Akapanua zaidi. Chini ya nywele kulikuwa na nywele, na chini ya hizo nywele nyingine, na zote zilikuwa baridi, zinanuka majivu mabichi. Jamani! Yeye alikuwa ameshika vichwa vya kila aina, vyenye mba, vyenye mapunye, vilivyoungua dawa, na hakuna hata kimoja kilichokosa ngozi. Mtu mwingine angetupa kitana akakimbia. Msusi akasema moyoni, loo, nywele nene hizi, kazi ipo. Akaanza kusuka.

Akasuka huku wakizungumza, kama ilivyo kwenye kiti chochote cha saluni. Yule mtoto anaitwa nani? Chiriku, maana anaongea mno. Nyumbani mnakaa na nani? Na bibi yake, mama wa mume. Mume mzuri? Mzuri, ana kelele tu. Shule anasoma? Anasoma, na mwalimu wake anampenda. Mama akamtajia watu wote wa mtoto wake, mmoja baada ya mwingine, bila kuombwa mara mbili.

Rasta zikamwishia katikati ya msuko. Mkia wa msuko ukawa mwembamba kama uzi, na hiyo ni aibu ambayo msusi haivumilii.

"Mfukoni zimo nyingine," mwanamke akasema bila kugeuka. "Zile laini."

Mkono wa mama ukaingia mfukoni kabla ya akili yake. Akalinyofoa lile donge la nywele za Chiriku, akalichambua, akalichanganya kwenye msuko ili unenepe. Ukanenepa vizuri. Akafanya hivyo na unaofuata, na unaofuata. Hakuwahi kumfanyia hivyo mteja yeyote maishani, kuchanganya nywele za mtu na za mtu, na baadaye alijiuliza mpaka kichwa kikamuuma ni shetani gani alimshika mkono. Lakini siku ile aliona tu kazi inapendeza.

Honi ya gari ikalia. Muda wa kuacha vibanda ulikuwa umefika, na baba, kama kawaida yake, alikuwa amelala juu ya honi.

"Maskini mimi, wananisubiri!" mama akasema, akikusanya vitu vyake.

"Umenifikisha nusu," mwanamke akasema.

"Subiri hapa hapa, nitarudi nikumalizie."

Midomo ilisema yenyewe. Atarudi lini, kutoka wapi, hakufikiri. Alikuwa amekwisha kukimbia hatua chache aliposikia nyuma yake, "Ahadi ni deni, dada." Akapunga mkono bila kuangalia.

Sasa turudi nyumbani, kwenye ile wiki mbaya.

Chiriku aliwapoteza watu wake mmoja mmoja. Baada ya bibi alimpoteza mwalimu. Mama aliitwa shuleni, akaambiwa mtoto amekaa darasani analia kwa kuwa kuna mwanamke mgeni anamwita kwa jina. Akampoteza rafiki yake wa dawati moja, ambaye walikuwa hawaachani hata chooni. Kila asubuhi alimwamkia bibi kwa adabu, kama mtu aliyefikia nyumba ya watu, na bibi alikuwa anaitikia vizuri, halafu anakwenda bafuni kufungua bomba ili asisikike. Hospitali walimpima damu, walimpima macho, walimwingiza kichwa kwenye mashine. Daktari akasema kichwa ni kizima. Akasema labda kuna jambo limemshtua, mpeni muda.

Muda! Mama alikuwa anauona muda ukienda kichwani kwa mwanawe. Mistari aliyomsuka hifadhini ilikuwa imebaki imara upande wa kushoto, ila ya kulia ilikuwa inafumuka yenyewe. Anamsuka upya asubuhi, mchana imelegea. Anamsuka tena, anaifunga kwa uzi, na mtoto akirudi kutoka uani nusu ya kichwa iko timtim na inanuka majivu, na uzi umekatika vipande vidogo vidogo.

Halafu zikaanza sauti za saluni. Ilikuwa mchana kweupe, jua limejaa mtaani, watoto wanacheza mpira nje, na mama alikuwa jikoni akimpikia mtoto uji aliposikia kutoka chumba cha mbele sauti ambayo angeitambua hata angekuwa usingizini, sauti ya kitana kikipita kwenye nywele ndefu, polepole, kutoka juu mpaka chini, kisha kimya, kisha tena kutoka juu. Akadhani ni mteja ameingia. Akaita, "Karibu, nakuja!" Kitana kikasimama. Akaenda akipangusa mikono, na alipofika mlangoni akakikuta kiti cha kuzunguka kinazunguka, hakuna mtu, na kilipomaliza mzunguko kikasimama kimempa kisogo, vile anavyokiweka yeye anapotaka kuanza upande uliobaki, na juu ya ngozi nyeusi ya kiti kulikuwa na unyevu, na kwenye unyevu ule kulikuwa na majivu.

Siku hiyo alifunga saluni. Wateja aliowaacha nusu walimtukana kwenye simu.

Baba ndiye aliyekuwa akimtia moyo. "Atapona, Mama Chiriku. Mtoto ana homa ya kichwa tu, itapita." Alikuwa akisema hivyo asubuhi ile alipoingia chumbani kwa mtoto na kikombe cha maziwa, kama alivyofanya kila siku tangu mtoto ajue kushika kikombe, akiimba wimbo wao wa kijinga kuhusu friji lililokula viatu.

Ukelele ulisikika mpaka mtaa wa pili. Mama alifika mbio, akamkuta Chiriku amejibana kwenye kona ya kitanda, blanketi mpaka kidevuni. Akanong'ona, "Mama, kuna mwanamume ndani ya nyumba."

Baba alikuwa amesimama katikati ya chumba, maziwa yamemmwagikia miguuni. Akaweka kikombe chini taratibu, akatoka kinyumenyume kama anayeogopa kumwamsha mbwa, akaenda kukaa kwenye gari lake la kazi, na humo ndani akalia kwa sauti, mwanamume mzima, mpaka majirani wakafunga madirisha kwa heshima.

"Amebaki na wewe peke yako," bibi akamwambia mama mlangoni, kwa mnong'ono. "Mwanangu, sisi wengine tumekwisha kuondoka. Kesho ni zamu yako. Hili si la hospitali, na wewe unajua si la hospitali. Twende kwa Mama Mafusho."

Mama Mafusho alikuwa akikaa ghorofa ya tatu ya jengo lisilo na lifti, mganga mnene mwenye kikohozi na hasira, amevaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Sebule yake ilijaa moshi. Alimtazama Chiriku mara moja, akampa biskuti, akamgeukia mama.

"Lete mikono."

Mama akatoa mikono. Yule mganga akavinusa vidole kimoja kimoja, akakunja uso. "Umemsuka nani?"

"Mimi ni msusi, nasuka watu wengi."

"Nimekuuliza nani. Mficha uchi hazai, mama. Mtoto anakwisha hapo, wewe unaniletea haya."

Basi mama akasema. Alianza kwa kunong'ona na akamaliza kwa kilio: kijito, kichwa kisicho na ngozi, rasta zilizokwisha, donge la nywele, honi, ahadi. Alipofika kwenye donge, bibi akashika mdomo. Mama Mafusho akavua miwani.

"Mimi nafukuza jini likiwa ndani ya mtu," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Humu ndani ya mtoto hamna jini. Hamna kitu. Huyu mtoto ndiye aliyeko kule. Umemsuka kwenye kichwa cha jini kwa mkono wako mwenyewe, mama, na bado ukaahidi kurudi."

"Basi nikammalizie! Nikimmalizia si ataturidhia?"

"Ukimmalizia mtoto amekwisha, kafungwa humo moja kwa moja. Usipokwenda, atakusahau na wewe, halafu atasahau kula, halafu kupumua. Kuna njia moja. Nenda kama unakwenda kumalizia. Kaa nyuma yake. Ufumue. Kila unywele wa mwanao uutoe, usiache hata mmoja. Mteja hakioni kisogo chake."

"Na akijua?"

Mama Mafusho akakohoa kwa muda mrefu. "Usinyamaze," akasema hatimaye. "Msusi akinyamaza, mteja anageuka. Zungumza naye. Na mimi usiniombe nikusindikize, maana siwezi. Mwenye ahadi ni wewe."

Asubuhi iliyofuata hifadhi ilikuwa tupu. Siku ya kazi nani anakwenda kupumzika? Ukungu ulikuwa umekaa juu ya ziwa na boti zote zilikuwa zimepinduliwa ufukweni. Baba aliendesha bila kugeuza shingo, kwa kuwa akigeuka tu mtoto analia, njia nzima Chiriku alikuwa amejificha kwapani mwa mama, na karibu na lango aliinua uso, akamtazama mama yake kwa muda, akauliza kwa adabu, "Na wewe unakwenda wapi?"

"Nakwenda kazini," mama akajibu. "Wewe nisubiri hapa, sikawii."

Baba akamshika mkono kupitia dirishani. "Ngoja nije na wewe."

"Kaa na mtoto. Akitaka kushuka usimwache, hata akikung'ata. Sikia, baba Chiriku, hata akikung'ata."

Akaushika mfuko wake wa vitana, akaenda.

Mwanamke alikuwa pale pale mezani, amekaa vile vile, kisogo kikiwa upande wa njia. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa, nusu imemwagika, na nywele zilizomwagika zilikuwa zimerefuka mpaka zimeingia kijitoni na maji yanazivuta.

"Umekawia, dada," akasema.

"Nisamehe, mwenzangu. Mambo ya nyumba." Mama alishangaa kusikia sauti yake inatoka. Akakaa nyuma yake, akatoa kitana, na kwa vidole vilivyokufa ganzi akaushika msuko wa kwanza kutoka mwisho, akaanza kuufungua.

"Naona unavuta," mwanamke akasema.

"Nakaza. Ile siku niliziacha zimelegea. Vipi, hapa hapakuwa na baridi?"

"Baridi ipo siku zote."

"Pole. Mimi baridi siiwezi, meno yananigongana." Na meno yalikuwa yanagongana kweli. Vidole vilikuwa vimezipata nywele za Chiriku, fupi, laini, na za vuguvugu, kitu pekee cha vuguvugu kwenye kichwa kile, na mama alizichomoa moja moja akizificha kwenye kiganja cha kushoto huku mdomo wake ukiendelea, ukisema habari za wateja, habari za bei ya rasta, habari za bibi harusi mmoja aliyesinzia kwenye kiti akaamka katikati ya msuko akidhani amekwisha kuolewa, na mwanamke akacheka, na alipocheka nywele zote za kichwa zilicheka pamoja naye, zikatambaa juu ya mikono ya mama mpaka kwenye viwiko na zikakaa hapo, na mama hakuthubutu kuzitoa, akaendelea kufumua na kuzungumza, kuzungumza na kufumua, akimwomba Mungu ndani ya maneno mengine, akiogopa kumeza mate kwa sababu kumeza mate ni kunyamaza.

Ukaisha msuko mmoja. Ukaisha mwingine. Akawa anaingia kwenye wa mwisho, ule mnene wa katikati ya kisogo, aliousuka wa kwanza kwa nywele za mtoto.

Na huko nyuma, kwenye gari, sauti ndogo ikapaza kwa furaha yote ya dunia: "Baba! Baba, mbona unalia? Baba!"

Mikono ya mama ikasimama. Akakaa kimya kwa kufumba na kufumbua tu.

"Unanifumua," mwanamke akasema.

Hakugeuka. Hakuhitaji kugeuka. Nywele zilizokuwa kwenye viwiko vya mama zilikaza, na ule msuko wa mwisho ukajirudisha wenyewe na kujifunga fundo. Kule garini mtoto akakatizwa katikati ya neno, akaanza kukohoa kama aliyepaliwa maji.

"Mwache!" mama akapiga kelele. "Nakuomba! Mwache, ana miaka sita!"

"Mimi sikumchukua. Wewe ndiye ulinipa. Kila mtu anayekuja hapa ananiona, anakimbia. Wewe ulinishika kichwa, ukasema utarudi unimalizie." Sauti ilikuwa ya upole, na upole ule ulitisha kuliko hasira. "Sasa unaniacha niwe nani? Nimalizie."

"Nitakumalizia! Wallahi nitakumalizia, lakini si kwa nywele za mtoto." Akakivuta kitambaa chake cha kichwa, akakitupa. Nywele zake mwenyewe, alizozitunza tangu usichana, zikaanguka mabegani. "Hizi hapa. Nyingi, nene, zitatosha kichwa kizima. Chukua hizi."

Kikohozi cha mtoto kilikuwa kinafifia.

"Zina watu wengi kuliko za mtoto," mwanamke akasema taratibu. "Unajua nitakachobeba?"

Mama alijua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi akifika pale hafanyi hesabu tena. "Beba," akasema, machozi yakimwingia mdomoni. "Beba wote. Niachie mmoja tu. Niachie huyu mmoja, nisimsahau huyu, wengine wote nimekupa."

Fundo likalegea.

Akatoa mkasi, akazikata nywele zake kwenye mizizi. Akasuka. Hakuwahi kusuka vile maishani mwake, mistari imenyooka, mkono hautetemeki, na kila msuko ulipofika mwisho alihisi kitu kikitoka ndani yake bila maumivu, kama jino la utotoni. Kikohozi kilikuwa kimekoma. Alipofunga wa mwisho, mwanamke alijipapasa kichwa chote kwa viganja, kushoto na kulia, na kwa mara ya kwanza akapumua.

"Mkono mwepesi," akasema. Akainuka, akaingia kwenye ukungu akifuata kijito, na kichwa chake kilikuwa kimependeza mno.

Mama alirudi garini ameshika nywele za mwanawe kiganjani kwa nguvu hata kucha zikamtoboa. Chiriku alimrukia shingoni. "Mama! Umenyoa! Mama umekuwa kama yai!" Akaongea. Mungu wangu, aliongea! Akauliza bibi yuko wapi, akamtaja mwalimu, akamtaja rafiki wa dawati na deni la penseli, akaimba wimbo wa friji tangu mwanzo hata mwisho, na baba akaitikia kila kiitikio kwa sauti iliyopasuka. Kabla ya kuwasha gari alimkumbatia mkewe muda mrefu, hakumuuliza kitu juu ya kichwa kile, na mkewe akaegemea bega lake, akamwambia, "Tupeleke nyumbani, mume wangu."

Walipita lango. Askari akawapungia. Mama alikaa nyuma na mtoto, akafungua dirisha, akazitazama zile alama za njano kwenye miti zikipungua mpaka zikaisha. Alikuwa na furaha. Alitaka kufikiri bibi atakavyofurahi, akajaribu kuiona sura ya bibi, akaona kiti kitupu sebuleni. Akajaribu kuiona sebule, nayo haikuja. Wakaingia barabara ya lami. Alimbana Chiriku kifuani, akamnusa utosini. Alinuka jasho na biskuti, na alimjua, kila unywele wake aliujua, na hilo likamtosha.

Mwanamume aliyekuwa akiendesha alimtazama kwenye kioo, macho mekundu, akitabasamu. Halafu akanyoosha mkono nyuma, akamshika goti.

Mama akajivuta. Akamwinamia mtoto sikioni na kumnong'oneza, "Mwanangu, huyu dereva anatupeleka wapi?"

Chiriku akaangua kicheko. "Baba, umesikia? Mama anakuita dereva!"

Yule mwanamume naye akacheka, akacheka kwa nguvu, akapiga usukani, akacheka kama mtu aliyekuwa akingoja mzaha ndani ya nyumba yake siku nyingi. Mama akawaona wanavyocheka, na ili dereva asimshtukie akacheka pamoja nao, mkono mmoja umemkumbatia mtoto, wa pili ukipapasa mlango taratibu, ukitafuta kitasa.